Maisha ya Drusila Kemunto Ombati, Aliyesema Yu Salama

Alhamisi tarehe 9 Januari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Walter Ombati alikuwa akipanga ndizi katika duka analofanyia kazi kule Longbridge, Birmingham, Uingereza, simu yake ilipolia. Aliyepiga ni Hibo, dada wa Kisomali aliyelelewa Garissa, aliyekuwa na chumba jirani na cha dada yake Walter katika hosteli.

"Kaka Walter, njoo. Njoo saa hii hii. Mama ameketi kwa ngazi na haniitikii."

"Umemwita kwa sauti?"

"Nimemwita, nimemshika mkono. Kaka, wewe njoo tu."

Walter aliyaacha masanduku yalipokuwa. Alipofika, wahudumu wa ambulensi walikuwa wamekwisha kumfunika dada yake.

Marehemu Drusila Kemunto alizaliwa tarehe 2 Agosti 1963 huko Kebirigo, Nyamira, akiwa kifungua mimba wa Mzee Ombati na Bi. Bosibori. Walifuata wadogo zake sita, na wa mwisho, Walter, alikulia mgongoni mwake zaidi kuliko mgongoni mwa mama. Nyumbani kwao watoto walifunzwa mapema kwamba mgeni akikuuliza hali, unasema u salama na unamshukuru Mungu, hata kama jana hukula. Shida husemwa baadaye, kwa mtu wa karibu, chai ikishakunywewa. Kemunto alilishika funzo hilo kuliko wote.

Alisoma shule ya msingi pale pale Kebirigo na akamaliza kidato cha nne mwaka 1981. Alitamani kuwa muuguzi, lakini wadogo zake walikuwa wanangoja zamu yao ya kusoma, naye akaenda kufanya kazi ya usaidizi katika zahanati ya misheni. Hakulalamika. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa kanisani na Mwalimu Nyakundi, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Xavier. Mwalimu alifariki mwaka 1999.

Mwaka 2001 Kemunto alikuja Birmingham, akapanga nyumba Sparkbrook, na kwa miaka kumi na saba akapanda treni ya alfajiri kwenda Sutton Coldfield kuwatunza wazee katika makao yao. Huko alikuwapo bibi mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye Kemunto alimfundisha kusalimu kwa Kikisii. Siku moja watoto wa bibi huyo walipomtembelea, akawapokea kwa "Bwakire buya!" Wakatazamana, wakaita daktari, wakasema mama amechanganyikiwa. Kemunto alipoitwa kueleza, alicheka hadi akakaa sakafuni. Kisa hicho alikisimulia kila Krismasi, na kila Krismasi daktari alizidi kuwa mrefu.

Mwezi wa Novemba 2018 alipata kiharusi. Mkono wa kushoto ulilegea, mguu ukawa mzito, na moyo haukurudi sawa. Kazi iliisha, na baada ya kazi, nyumba. Mwaka 2019 shirika moja dogo, lililolipwa na halmashauri kuwazuia watu kama yeye wasiishie barabarani, lilimpatia fleti ya chini isiyo na ngazi. Pamoja na fleti alipewa mtu wa kumtembelea kila Jumatano. Huyo ni Jasbir, ambaye yuko nasi leo.

Jasbir aliijua kazi yake. Alikuwa akiuliza hali, Kemunto anajibu ni salama, Mungu ni mwema. Jasbir haandiki kitu. Anakunywa chai, anaosha vikombe mwenyewe, anafungua friji, anatazama barua zilizorundikana juu ya televisheni. Kisha anakaa tena.

"Haya, Mama Kemunto. Lile lilikuwa jibu la kanisani. Sasa nipe la jikoni."

"Wewe msichana, huna adabu."

"Sina. Umeanguka lini?"

"Jumapili," Kemunto anasema, akitazama dirisha. "Lakini kidogo tu."

Kwa namna hiyo alikaa salama miaka mitano. Kila tatizo lilikamatwa likiwa bado dogo.

Machi 2024 shirika liliarifiwa kwamba mkataba wake hautaendelezwa. Fedha hazikuwapo tena. Jasbir alikuja mara ya mwisho na mfuko wa machungwa. Alisema watakaohitaji msaada watapigiwa simu na halmashauri, kisha akalia, kwa sababu naye kazi yake ilikuwa imeisha.

Simu ilikuja Jumanne tarehe 14 Mei, saa nane mchana. Walter alikuwapo, na sauti iliwekwa juu ili naye asikie.

"Unaendeleaje, Bi. Ombati?"

"Salama kabisa, namshukuru Mungu. Na wewe, mwanangu? Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, asante. Je, unaweza kupanda ngazi?"

"Polepole, kwa neema yake."

"Unaweza kujipikia?"

"Siwezi kulala njaa."

"Kuna msaada wowote unaouhitaji kwa sasa?"

"Mungu ametosha."

"Amina," Walter akaitikia.

Mazungumzo yalichukua dakika kumi na moja. Walter alikuwa akijua kwamba dada yake hawezi kufunga vifungo vya blauzi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimkatia nyama kwenye sahani. Lakini hayo si mambo ya kumwambia mgeni kwenye simu, tena mbele ya mdogo wako wa kiume, na wala si mambo ya mdogo kumsemea dada yake mkubwa akiwa anasikia. Simu ilipokatwa alimtania. "Dada, umembariki hata mtu wa ofisi!" Wakacheka wote wawili. Hakuna kicheko ambacho Walter amekijutia kama hicho.

Baada ya wiki tatu barua ilifika. Ilisema Bi. Ombati anajitegemea, na kwa kuwa fleti ile ni ya wanaohitaji uangalizi, aiache. Walter alikwenda ofisini mara nne. Kila mara alisomewa maneno ya dada yake mwenyewe, neno kwa neno, na ni kweli aliyasema. Walter aliomba uamuzi uangaliwe upya, akaambiwa asubiri.

Tarehe 23 Septemba 2024 Kemunto alihamishiwa chumba cha muda katika hosteli, ghorofa ya pili, mahali pasipo na lifti. Walter alimwomba aje kwake, ingawa kwake ni vyumba viwili, mke na watoto wanne. Alikataa. "Nilale sebuleni kwa wifi yangu kama mgeni aliyekosa gari la kurudi? Hapana." Walter hakumlazimisha. Xavier, anayeishi Leicester katika chumba cha kupanga na mkewe na watoto wawili, alimwomba pia, akapata jibu hilo hilo.

Pale hosteli Hibo alimpandishia maziwa na mkate, na kila siku waligombana juu ya chai. Kemunto alidai iliki ya Hibo ni nyingi mno, kisha akaongezewa kikombe. Asubuhi ya tarehe 9 Januari alitaka kwenda mwenyewe kuchukua dawa zake, asimsumbue mtu. Alivaa koti, akashuka ngazi kumi na nne, akaketi. Daktari aliandika kwamba ni moyo. Familia haibishani na daktari.

Jumanne tarehe 14 Januari barua nyingine ilifika kwa jina lake. Ombi la uamuzi kuangaliwa upya lilikuwa limekubaliwa. Bi. Ombati alitakiwa akae karibu na simu.

Familia inamshukuru Mungu kwa maisha ya dada yetu. Inawasamehe wote, kama alivyotufundisha Bwana, lakini haitasema kwamba hayo yalikuwa mapenzi ya Bwana.

Marehemu ameacha mama yake, Bi. Bosibori, aliyeko Kebirigo, mwanawe Xavier na mkewe, wajukuu wawili, na ndugu zake sita, akiwemo Walter.

Jana, Alhamisi tarehe 23 Januari, saa nne asubuhi, familia ilikwenda kumuaga. Alikuwa amevikwa gauni lake la buluu. Hibo alisimama mlangoni, Walter akamwita aingie. Jasbir alimshika miguu. Xavier alimwekea rozari mkononi, akambusu kwenye paji la uso, akasema, "Kwaheri, Mama." Walter aliongoza Baba Yetu, akakwama katikati, na Xavier akaimalizia. Saa tano na dakika kumi jeneza lilifungwa. Bwana ampe Kemunto pumziko lisilohitaji kuombwa.