Chupa za Bi. Kuluthumu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Kuluthumu Mselemu anastaafu baada ya miaka thelathini na tatu katika maabara yetu ya kemia ya wadudu hapa Utemini. Katika miaka yote hiyo alichelewa kazini mara mbili, na zote mbili alijiandika mwenyewe kwenye daftari la mahudhurio, kwa wino mwekundu.

Kazi yake ilikuwa kupima feromoni, yaani harufu ambayo wadudu huitumia kuitana. Dumuzi wa mahindi, ambaye wakulima wengi humwita Skania, akiisikia harufu hiyo huingia mtegoni kwa miguu yake mwenyewe. Tatizo ni upepo wetu wa Singida: harufu inayopaswa kukaa mwezi mzima huisha kwa wiki moja. Bi. Kuluthumu akawa anapaka vizibo vya mpira vinavyobeba harufu hiyo mtegoni tabaka jembamba la nta ya nyuki, ili harufu itoke kidogo kidogo, kisha anapima kila siku kimebaki kiasi gani. Mashine ya gesi hutenganisha kemikali na kuchora kila moja kama kilele kwenye karatasi. Alipokuwa anasoma vilele, hata salamu ilisubiri.

Manukato aliyapiga marufuku. Mgeni mmoja mkubwa kutoka Dodoma alionyeshwa bomba la maji kabla ya kuonyeshwa kiti, na alinawa bila kubisha.

Miaka saba iliyopita, mwezi Juni, kilitokea kilele kisichojulikana kwenye kila sampuli kutoka mitego ya Ikungi. Mkuu wetu wa wakati huo, Dkt. Festo, aliamini kwamba ni feromoni mpya. Tulikuwa tumekwisha kuipa jina, jambo ambalo sasa tunaomba lisikumbushwe. Ripoti ilichapwa, na wakulima wangeanza kuuziwa mitego yenye kemikali hiyo msimu unaofuata.

Bi. Kuluthumu hakuridhika. Sikuzote tulipima kwanza chupa isiyo na kitu, kuhakikisha mashine ni safi, lakini chupa hiyo tuliitoa mpya kwenye boksi. Safari hii alichukua iliyooshwa na kukaushwa kama zile za sampuli. Kilele kikasimama palepale. Alitoka nje, akaangalia dirisha ambako chupa hukauka, akaangalia mashine ya kukamua alizeti iliyofunguliwa jirani mwezi uleule, akarudi.

"Daktari, huyo siyo mdudu," alisema. "Hiyo ni alizeti."

Moshi wa mafuta ulikuwa unapeperushwa na upepo na kuganda ndani ya chupa, tabaka jembamba kuliko hata nta yetu. Feromoni mpya ikafa siku hiyo, na lawama ikatafuta pa kutua. Ilitua kwa mwosha vyombo, aliyekuwa na mkataba wa miezi sita unaokaribia kwisha. Barua ya kutomwongezea ilikuwa tayari mezani.

Kanuni ya kukausha chupa dirishani, badala ya kwenye tanuri, aliitoa Bi. Kuluthumu mwenyewe wakati wa mgao wa umeme. Ilitolewa kwa mdomo, na hakuna aliyeikumbuka zaidi yake na mwosha vyombo, ambaye asingethubutu kumtaja mtu wa rika la mama yake. Mwezi huohuo Bi. Kuluthumu alikuwa apandishwe kuwa fundi sanifu mkuu. Angenyamaza tu, mambo yangeisha.

Asubuhi iliyofuata tulikuta ameandika kwenye daftari la maabara, kwa wino mwekundu: "Agizo la dirishani lilikuwa langu. Calist alifuata nilivyomwambia."

Cheo alipewa mtu mwingine, na leo anastaafu bila hicho cheo. Vipimo vyote alivirudia kwa miezi mitano, na mitego inayotumika Ikungi sasa imetokana na vipimo hivyo.

Ofisi iliagiza wasifu huu uandikwe bila mwandishi kujitaja. Nimejitahidi mpaka hapa. Calist ni mimi. Mkataba wangu ulisainiwa, nikasomeshwa, na Jumatatu nakabidhiwa meza yake. Kwa miaka saba nimeshindwa kumshukuru, maana kila nilipoanza kusema alinitafutia kazi ya kufanya. Kuanzia leo hana kazi ya kunipa, kwa hiyo itabidi asikilize: asante, mama. Sote hapa tunakuombea afya njema na miaka mingi ya raha.

Calist Benjamin
Kwa niaba ya wafanyakazi wote