Mshipa Uliofuliwa

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Taasisi. Ndugu Muuza Nyama, ambaye bila mishipa ya ng'ombe wako tungekuwa tunakatana yetu. Waheshimiwa madaktari na watafiti. Mume, watoto na wajukuu wa mhusika. Mafundi wenzangu wa maabara. Na wageni waalikwa mnaoiangalia ile keki kuliko mnavyoniangalia mimi: salaam nyingi kwenu nyote.

Nimepewa dakika tano nimuage Mama Chupa, anayestaafu leo baada ya miaka ishirini na tisa. Wageni wameniuliza pale mlangoni, kwa nini Chupa? Jamani, maabara yetu haina moyo, ina chupa. Tunachukua mshipa mkubwa wa ng'ombe, tunaufunga kwa uzi kwenye vijiti vya kioo, kisha tunaning'iniza juu yake chupa ya maji ya chumvi yenye protini iliyotiwa rangi ya bluu. Chupa ikiwa usawa wa kifua, hiyo ni presha ya mtu mwenye afya. Mama akivuta kamba mpaka chupa ikakaribia dari, hiyo ni presha ya mtu anayesubiri wakwe.

Na tunatafuta nini? Tunataka kujua vitu vikubwa vilivyomo kwenye damu, protini na chembe za mafuta, vinapenyaje kwenye ukuta wa mshipa. Maji hupita kirahisi. Molekuli kubwa ni kama shangazi mwenye mabegi matatu kwenye mlango mwembamba: mwenyewe hapiti, lakini watu wakimsukuma kwa nyuma, ataingia, na akishaingia hatoki. Mlango wenyewe ni utando mwembamba sana ulio upande wa ndani wa mshipa. Ukiharibika huo, mashangazi wote wa ukoo wameingia.

Sasa nisikilizeni vizuri. Miaka kumi na moja iliyopita, mwanafunzi mmoja hapa aligundua jambo la ajabu. Presha ya chini kabisa, dakika ishirini tu, na ukuta mzima wa mshipa ukawa bluu! Alirudia mara tisa, ikawa vilevile. Kichwa kikamvimba. Akampigia mama yake simu, akamwambia ajiandae kuwa mama wa mtu maarufu. Mheshimiwa Mkurugenzi, nawe ukaita wageni kutoka taasisi tatu waje kushuhudia.

Mwanafunzi huyo ni mimi. Dakika chache kabla ya wageni kuingia, Mama Chupa aliinama, akautazama mshipa wangu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, huu umeufanyaje?"

"Nimeufua, Mama."

"Umeufua!"

"Nimeugeuza nje ndani, kama soksi, nikausuuza vizuri."

"Halafu ukaugeuza tena?"

Ndugu wageni waalikwa, nani kati yenu hajawahi kutoka nyumbani na fulana aliyoigeuza? Nyumbani kwetu nguo hufuliwa na kuanikwa nje ndani, isipauke. Mimi nilifua mishipa yote, na yote nikaivalisha vioo ikiwa imegeuzwa, ule utando wa thamani ukiwa nje unapunga upepo, na rangi ndani haina mlango wa kuizuia. Na mlango ukafunguliwa.

Mama Chupa akasimama mbele ya wageni wote, akasema, "Waheshimiwa, samahani. Majaribio haya hayafai. Mafundo yangu yamelegea, rangi imevuja." Mafundo yake! Mwanamke ambaye fundo lake halijawahi kulegea tangu aajiriwe, ambaye hata kufungua mfuko wa sukari alioufunga yeye unahitaji mkasi na maombi! Baadaye nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Wewe wangekufukuza. Mimi watanigombeza tu."

Hawakumgombeza tu. Aliandikiwa barua ya onyo kwa uzembe, ikawekwa kwenye faili lake. Kila jina lake lilipopendekezwa kuwa Fundi Mkuu, faili lilifunguliwa, barua ikasomwa, faili likafungwa. Mimi siku ya kwanza nilinyamaza kwa woga, ya pili kwa aibu, na baada ya hapo kwa mazoea. Nikahitimu, nikaajiriwa hapa hapa, nikapanda cheo. Naona aibu kuwaambieni hivi, lakini naona aibu zaidi kumpigia makofi mtu niliyemtia doa.

Mama, usinikonyeze nikae. Leo sikai.

Mheshimiwa Mkurugenzi, cheti kilicho mbele yako kimeandikwa "Fundi Msaidizi", nawe bado hujatia saini. Naomba barua ile itolewe kwenye faili lake, iwekwe kwenye langu. Haina haja ya kuandikwa upya. Badilisha jina tu, hilo neno "uzembe" linanitosha kabisa. Na kwenye cheti, naomba ufute neno moja.

Haya, namwona Mheshimiwa ananitazama kwa presha ya darini. Anashika kalamu. Anafuta. Anaandika... Ahsante, Mheshimiwa. Ahsante sana. Kesho asubuhi nitakuja ofisini kwako mwenyewe, bila kuitwa.

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa masikio yenu. Sasa naomba mikono yenu, kwa ajili ya Fundi Mkuu.