Sinki la Bi Glenys

Ndani ya basi la kwenda Motueka, Bi Glenys, dereva mstaafu, alikuwa amepakata sinki la jikoni kama mjukuu. Mzee aliyekaa naye, asiyemjua, akauliza ni la nini. "La nyumba yangu. Nimenunua lile basi la shule nililoendesha miaka ishirini na sita. Viti nimeshang'oa, kitanda kipo, imebaki kusafiri nalo tu."

"Kwa umri huu, mama? Wanao wanasemaje?"

"Wamenitafutia chumba makao ya wazee. Wakalale wao!"

"Na ukifia njiani?" Sisi abiria wengine tukageukia madirisha, tukijifanya hatusikii.

"Bwana wee, miaka yote hiyo niligeuzia basi langoni mwa shule. Barabara inaendelea mbele, na mpaka leo sijui inafika wapi."

"Inaishia baharini tu, hakuna kitu."

"Hicho umekiona wewe. Mimi bado." Basi likasimama, akashuka bila kuaga.