Mama Mikeka na Saa ya Kulala

Ukimtafuta mtu aliyewalaza watoto wengi kuliko yeyote katika mitaa yetu, usihangaike. Tarehe 30 Novemba, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika kituo cha watoto cha kanisa letu, Mama Mikeka anastaafu. Ilikuwa astaafu zamani. Mara mbili alituaga, na mara mbili Jumamosi iliyofuata tulimkuta mlangoni kama mtu ambaye hakusema neno. Hofu yake ilikuwa moja tu: kwamba akiondoka, saa ya kulala itafutwa.

Aliajiriwa kufundisha masomo ya dini, na alifundisha kweli. Tatizo ni kwamba wanafunzi walisinzia. Wasaidizi walidhani ni utovu wa adabu, na mmoja alishauri watoto wasome wakiwa wamesimama. Mama akavaa viatu akaenda kuona. Alimsindikiza kwao binti wa fundi cherehani, kinara wa wasinziaji. Akakuta chumba kimoja: cherehani dirishani, kitanda cha wazazi, watoto watano sakafuni, na nyuma ya ukuta baa isiyojua saa. Cherehani iliponyamaza, baa ilianza. Mama alirudi na jibu lake: watoto hawa hawakosi adabu, wanakosa usingizi.

Wiki iliyofuata alikuja na mikeka kichwani, na jina likamganda hapo hapo. Ratiba ikawa wimbo, somo, chakula cha mchana, sala fupi, kisha saa nzima ya kulala. Waliouliza ni ibada gani hiyo ya kukoroma aliwajibu kwamba mtoto aliyelala bila woga ameshasali.

Aliyewahi kuingia ukumbini saa hiyo hasahau. Mapazia ya kijani hulainisha mwanga mpaka unajihisi uko chini ya maji. Vumbi hupanda polepole juu ya viti vilivyosukumwa ukutani, na pumzi za watoto huenda pamoja hadi unadhani ni ukumbi unaopumua. Mtaa uko pale pale nje na honi zake, ila unausikia kwa mbali, kama habari za watu wengine. Mama Mikeka hukaa kwenye kigoda mlangoni, kidole mdomoni kwa kila mpitaji. Miaka yote hiyo yeye mwenyewe hakuwahi kulala.

Saa hiyo nusura tuipoteze. Mwenyekiti wa kamati alitaka wageni wanaokisaidia kituo wapokewe kwa ngoma na nyimbo, si kwa watoto waliolala chali. Wageni wakawahi kufika. Mwenyekiti akaagiza watoto waamshwe, Mama akakataa, akasimama mlangoni na kuwaomba wote wavue viatu, mwenyekiti akiwamo. Waliingia wakakaa kimya mikekani. Muda si mrefu ukasikika mkoromo, na haukuwa wa mtoto. Mwenyekiti aliamka shavu limepigwa chapa ya mkeka, na tangu siku hiyo hajaigusa tena ratiba. Wageni nao walituletea mikeka mipya.

Jumamosi iliyopita watoto walitandika mkeka mmoja wa ziada. Kigodani alikaa binti wa fundi cherehani, ambaye siku hizi ni mwalimu wetu na ndiye anayeshika nafasi ya Mama. Mama akadai kwamba hana usingizi, kwamba mtu mzima halali mchana, kwamba kuna vyombo vya kuosha. Binti akamshika mkono.

"Lala, Mama. Mlango ninao mimi."

Akalala. Alilala kama mtu aliyetua mzigo, mdomo wazi, na watoto walipoamka walimpita kwa ncha za vidole. Hakuna aliyegonga kengele ya kuamsha. Baadhi yetu tulilia, wala hatuoni haya kulisema.

Tulitaka kukuambia "lala salama", tukaogopa watu wasije wakaanza kuchanga rambirambi. Basi pokea haya: asante, Mama, kwa kila mtoto aliyerudi kwao macho maangavu. Mungu akupe afya na siku ndefu zisizo na haraka, na wajukuu wakuzunguke, ila mchana wakuache ulale.

Mlango tunao.