Nilificha Barua ya Furaha

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe tena! Mimi ni Maman Solange, mnaniona kila Jumapili nikipanga viti vya kwaya. Leo nasimama kusema dhambi yangu.

Nililelewa Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, kule Kongo. Baada ya vita vya huku Rwanda tulirudi nyumbani, nikapata kazi ya ukatibu katika shule moja ya sekondari hapa Gihundwe. Vita vilipowaka Kongo, batoto ba Bukavu wakaanza kuvuka Rusizi kuja kusoma kwetu. Waliomaliza, mimi ndiye niliyewatengenezea dosiye za kuingia chuo kikuu cha huku: diplomu, alama, karatasi za ukaaji. Wengi niliwasaidia kwa moyo mweupe.

Lakini mmoja wao, msichana Furaha, aliishi nyumbani kwangu. Mama yake, rafiki yangu wa utoto, alinikabidhi. Alikuja hajui Kinyarwanda hata kidogo. Baada ya miaka miwili akawa anamfundisha binti yangu Solange hesabu, mezani pangu, akila sombe yangu ya majani ya muhogo! Mume wangu akimsifu, niliinuka kuondoa sahani. Ndugu zangu, wivu ni ugonjwa! Hata kicheko chake kilinichoma.

Matokeo ya mtihani wao wa mwisho yakatoka. Solange hakupata nafasi. Siku chache baadaye ikafika ofisini barua ya Furaha kutoka chuo cha Butare: aripoti kabla ya Ijumaa ya wiki inayofuata, la sivyo nafasi apewe mwingine. Nikaitia kwenye mkoba wangu, nikafunga zipu. Kwa nini mgeni apite, wangu abaki?

Kila mchana Furaha aliniuliza, "Maman, barua bado?"

"Bado."

Ikafika Jumatano, siku mbili kabla. Kwenye maombi ya wamama, nilikokwenda naye, Furaha akaomba kwa sauti: "Mungu, kama chuo kinanikataa, sawa. Lakini ubariki Maman Solange, amehangaika sana juu yangu."

Wote wakasema Amina. Mimi mdomo ulikataa! Nikaanguka chini nikilia, "Yesu, nitoe huu wivu, unaniua!" Nikafungua mkoba mbele ya wote, nikampa barua yake.

Aliisoma mara mbili. "Nilikukosea nini, Maman?"

"Hakuna. Ulipita, Solange akaanguka."

Akaikunja barua, akatoka. Nyumbani Solange aliposikia, alisema, "Maman, mimi sikukutuma." Akaanza kukunja nguo za mwenzake.

Alhamisi mimi na Furaha tulipanda basi, tukavuka msitu wote wa Nyungwe, yeye ameshika barua yake mkononi. Chuoni nikamwambia mwandikishaji, "Kosa la kufika siku ya mwisho ni langu, si la mtoto." Akanitazama, akatikisa kichwa, kisha akamwandika. Haleluya!

Furaha hakunisamehe siku ile. Likizo ya kwanza alipita moja kwa moja kwa mama yake. Likizo ya pili alibisha mlangoni kwangu: "Maman, kuna chakula?" Nililia nikipakua.

Ndugu zangu, wivu bado hunijia, hasa matokeo yakibandikwa. Sasa naujua, namwita Yesu mapema. Kama kuna mzazi hapa ambaye mtoto wa mwenzake akifaulu yeye hapati usingizi, asione haya. Njoo mbele, nipige magoti pamoja na wewe. Yesu aliyeniweza mimi, hatashindwa na wewe. Asante, Yesu!