Mwalimu wa Insha Asiyeona Picha Kichwani: Kwaheri Beldina Naswa

Tarehe 30 Aprili mwaka huu, Mwalimu Beldina Naswa anastaafu baada ya kufundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na sita, ishirini na miwili kati yake akiwa hapa kwetu Shule ya Msingi ya Nyaori, Mamboleo. Kamati ya jarida iliniomba mimi, Jacinta Apiyo, niandike wasifu wake kwa kuwa tumekaa meza moja tangu aje. Walidhani ninamjua. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka mwezi wa pili, na mshtuko nilioupata haujanitoka.

Kwa wasiomjua, Mwalimu Beldina ni mzaliwa wa Bungoma. Alianza kazi huko kwao, kisha akahamia Kisumu kumfuata mumewe, marehemu Mzee Khaemba, aliyekuwa fundi wa reli. Hapa shuleni alikabidhiwa somo la insha na hajawahi kuliachia. Watoto wake huandika mpaka msomaji anasikia njaa. Ukisoma insha ya soko kutoka darasa lake, unajua hata nyanya zimeanza kulainika upande gani.

Sheria yake ni moja: huandiki kitu ambacho hujakishika. Kabla ya insha ya soko, darasa zima lilikwenda soko la Otonglo, na wazazi wa Kondele wakaja kulalamika kwamba sare zinanuka dagaa wa omena. Mwaka mwingine aliingia darasani na kamongo mzima kwenye beseni. Samaki huyo, mwenye meno yake na hasira zake, aliruka akatua sakafuni. Naibu wa mwalimu mkuu, Mzee Absalom, aliyekuwa anapita tu, alipanda juu ya dawati na hakushuka mpaka mpishi wetu Dorca alipoitwa. Insha za wiki ile zilikuwa nzuri ajabu, na nyingi zilimhusu Mzee Absalom.

Sisi tulisema ni mbwembwe za mwalimu. Kila ndege huruka na ubawa wake, tukamwacha.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Mwezi wa pili tulikaa kikao kuhusu Aoko, msichana wa Gredi ya Sita. Mwalimu wa mkondo wake, Mark Shitanda, alikuwa amewaambia watoto wafumbe macho, kila mmoja amwone nyanya yake, halafu waandike wanachoona. Aoko alirudisha karatasi tupu, akasema haoni kitu. Mark aliuona huo ni ukaidi na akataka mzazi aitwe. Mwalimu Beldina akaweka kikombe chini.

"Kwani nyinyi mnaonanga?" akauliza.

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Si tunaona tu, Madam," Mark akasema. "Ni kama picha."

"Picha! Na rangi?"

Mzee Absalom akafumba macho, akasema anamwona nyanya yake amejifunga leso ya kijani, anainama kupuliza moto.

"Anainama? Mungu wangu! Kwani inatembea?"

Mimi nywele zilinisimama. Huyu ni mwalimu wa insha, bingwa wetu, na kumbe miaka sitini yote akifumba macho ni giza tupu. Alitueleza kwamba nyanya yake anamjua: alikuwa mrefu, mwenye mwanya, asiyependa kelele. Anayajua hayo kama anavyojua jina lake mwenyewe, lakini kumwona hamwoni. Watu waliposema wanaona kwa macho ya akili, alichukulia ni msemo tu, kama kupiga moyo konde. Nani aliwahi kuupiga moyo wake ngumi? Akiwa mtoto, alichapwa kwa kushindwa kuhesabu ng'ombe wa kufikirika. Kesho yake alikuja na mawe mfukoni, akayaita ng'ombe, akahesabu. Zile tulizoziita mbwembwe zilianzia pale. Mtu alikuwa anatafuta njia ya kusoma, na sisi tulidhani anatuchekesha.

Sijui nani alishtuka zaidi, sisi au yeye. Wiki nzima hakutulia, kila mtu alihojiwa. Alimfuata Dorca jikoni kumuuliza kama huwa anauona ugali kabla hajausonga. Dorca akamwambia anauona, tena na sufuria yake. Mwalimu Beldina alirudi mezani akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa majirani wote huruka usiku. Aoko naye hakuitiwa mzazi. Mark alimpeleka akae jikoni kwa Dorca na kalamu yake, na karatasi moja haikumtosha.

Lakini kuna jambo moja lililonikata maini. Mwalimu Beldina hutembea na picha ya Mzee Khaemba kwenye mkoba, nasi tumemtania miaka mingi kwamba anapenda kama msichana. Siku moja kwenye chai nikamuuliza, bila hiyo picha je?

"Bila hii, sura hakuna," akasema.

Niliogopa kuuliza zaidi, nikauliza. Na mimi je, nikitoka hapa?

"Ukitoka kwa hiyo mlango, sura yako imeenda, Jacinta. Lakini mambo yako yote iko. Unachekanga kabla mzaha haujaisha. Chai yako haina sukari tangu ule mwaka uliugua. Na nikikuona tena, nitakujua hapo hapo."

Alisema kwa upole, kisha akaendelea kusahihisha. Mimi nilitoka nje nikalia, na sioni haya kusema hivyo. Anarudi Bungoma kulima. Tumekula pamoja, tumezikiana, tumegombana juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe, na siku atakayovuka geti sura zetu zote zitazimika. Hana kinyongo na jambo hilo, maana hajawahi kuishi vingine. Anayeumia ni mimi.

Mwalimu Beldina, asante kwa watoto wote uliowashikisha dunia kabla ya kuwaambia waiandike. Asante kwa uvumilivu wako na Mzee Absalom, ambaye mpaka leo hali kamongo. Mungu akupe afya, mvua ya wakati wake, na majirani wasio na makelele. Hatutakuambia utukumbuke, kwa kuwa tunajua utatukumbuka kwa njia yako. Sisi tukikutamani tutafumba macho, nawe utatujia bila nauli. Wewe ukitutamani huna njia hiyo. Basi nauli tutalipa sisi.