Pipa Lisilofunguliwa Msibani

Tumekusanyika leo, Jumanne tarehe 13 Agosti 2024, kumsindikiza mtu ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Pipa. Hata nyumbani alikuwa Fundi. Mama yake mzazi alimwita hivyo hadi alipofariki. Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1958, mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wake. Cheti chake kinaonyesha mwaka 1960. Hapa tumefuata maelezo ya kaka yake mkubwa, anayekumbuka kwamba mdogo wake alizaliwa wiki ambayo daraja la mbao la mto wa kijijini lilichukuliwa na maji. Tarehe ya daraja ipo katika kumbukumbu za serikali, na haina utata.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1967 katika shule iliyo ng'ambo ya mto huo huo. Waliosoma naye wanasema alikuwa mtoto wa kawaida darasani, mwenye mwandiko mzuri. Baba yao alifariki tarehe 21 Agosti 1973, ghala likiwa limejaa, kwa kuwa mavuno yalikuwa ndiyo kwanza yameingia. Waombolezaji walikuja kwa heshima na walilishwa kwa heshima. Hakuna aliyefanya ubaya. Walipotawanyika, ndani ya ghala kulibaki makapi na panya mmoja, na panya huyo, kwa maneno ya marehemu mwenyewe, "naye alikuwa anafunga mizigo."

Mbegu nazo zilikuwa zimeliwa. Mama yao alikopa mahindi kwa mfanyabiashara wa sokoni, akayalipa kwa mavuno ya mwaka uliofuata, na alipokwisha kulipa hakubaki na cha kumfikisha mwaka mwingine, akakopa tena. Marehemu aliacha shule mwezi Septemba wa mwaka ule ule wa 1973, wiki chache kabla ya mtihani wa darasa la saba. Alipoulizwa juu ya jambo hilo katika uzee wake, alilieleza bila kinyongo. Alisema tu kwamba baba alizikwa mara moja, lakini kile chakula kiliendelea kuwazika wao miaka mitatu.

Fundi bati wa sokoni alimpokea mwaka huo huo. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, jiko la mkaa la kuchomea lehemu, mikasi ya bati ukutani na sakafu iliyojaa vipande vyenye makali. Huko alijifunza kukata ndoo, karai, funeli na vibatari, na kufikia mwaka 1981 alikuwa na meza yake mwenyewe chini ya kibaraza cha karakana hiyo hiyo.

Alifunga ndoa tarehe 12 Mei 1984. Simulizi ya uchumba wao ipo kwa namna mbili. Mjane anasema walikutana kisimani. Ndugu za mjane wanasema Fundi aliletewa ndoo ya nyumbani kwao kuziba tundu, ndoo ikarudi nyumbani ikavuja, ikapelekwa tena, ikavuja tena, na kila mara fundi aliirudisha mwenyewe kwa miguu. Hatimaye mama mkwe alimwuliza, "Baba, wewe ni fundi au mposaji? Kama ni fundi, hujui kazi. Kama ni mposaji, sema, nina maji ya kuchota." Simulizi zote mbili zina ndoo, kwa hiyo tumeziacha zilivyo.

Mwaka 1996 alifika kijijini bibi shamba mgeni, mtaalamu wa kilimo. Enzi hizo kila kaya iliuza mahindi yake wiki za mavuno, kwa bei ya walanguzi, kwa sababu asiyeuza aliwaachia dumuzi, wadudu watoboao nafaka ghalani. Ilipofika Januari, mahindi yale yale yalirudi kwa lori na kununuliwa kwa bei maradufu. "Tunauza tukicheka, tunanunua tukilia," mama mkwe alizoea kusema. Bibi shamba alikuja karakanani na mchoro wa pipa la bati lenye mfuniko juu na mdomo chini, akamwonyesha Fundi namna ya kulitumia. Mahindi makavu hujazwa pipani. Juu yake huwekwa kisahani, na juu ya kisahani mshumaa unaowaka. Mfuniko hufungwa, ukingo ukazungushiwa ukanda wa mpira wa baiskeli uliopakwa grisi. Mshumaa humaliza hewa, ukazimika, na dumuzi wakafa pamoja nao.

Pipa la kwanza alilitengeneza kwa mama mkwe, na hapo alikosea. Bibi shamba alikuwa amemwambia apime ukavu kwa chupa na chumvi: punje na chumvi kavu hutikiswa ndani ya chupa, na chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji. Fundi aliona hayo ni mapambo. Aliupima kwa meno, kama watu wote walivyopima. Aling'ata punje, ikalia, akasema yamekauka, akafunga. Mwezi Januari 1997 pipa lilifunguliwa mbele ya majirani waliokuja kushuhudia, na wote walirudi nyuma.

"Nilimpa binti mzima," mama mkwe alisema, akiwa ameziba pua kwa kiganja, "yeye kanirudishia pipa la uvundo."

Fundi alihamishia kwa mama mkwe mahindi ya nyumba yake mwenyewe, na mwaka ule yeye na mke wake walikula mihogo. Tangu siku hiyo hadi alipolazwa, hakuonekana bila chupa ya chumvi mfukoni. Alifika nayo hata kwenye harusi za watu. Watoto wa kijiji walidhani ni dawa.

Miaka iliyofuata, mapipa yaliingia nyumba hadi nyumba. Aliyeshindwa kununua peke yake alinunua na jirani yake, wakaweka mahindi ya nyumba mbili katika pipa moja, na ugomvi wao ulisuluhishwa na Fundi, ambaye dawa yake ilikuwa kuwaambia waliokosana washike mfuniko pamoja. Ni lazima ielezwe kwa haki kwamba umaskini haukuisha. Pipa haliongezi mvua wala halitibu mtu. Lakini kaya iliyokuwa ikinunua Januari ilianza kuuza Januari, na shule iliyo ng'ambo ya mto ilianza kuwa na watoto mwezi Februari.

Katika kila pipa alilouza alitoa sharti moja kwa mdomo: halifunguliwi kabla ya mwezi Januari, kwa harusi wala kwa msiba. Wengi walimwona mkaidi. Mzee mmoja alimwuliza kama hata maiti ya mama yake haitamfanya afungue. Mama yake alipofariki mwaka 2009, alitoa chai.

Figo zilianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka 2022. Alihudhuria hospitali ya wilaya kila wiki, akisafiri na mke wake. Tarehe 20 Julai mwaka huu, siku ya Jumamosi, aliomba aletewe kigoda karibu na pipa la nyumbani. Alitikisa chupa yake, akaitazama kwenye mwanga, akawasha mshumaa, akafunga. Mkono wake haukuweza kukaza ukanda, mkewe akaukaza. Baada ya muda mkewe aliuliza, "Umezimika?"

"Sijui."

"Miaka yote hii hujui?"

"Ukifungua kutazama, umeshaharibu," alisema. Akaomba kurudishwa kitandani.

Alilazwa tarehe 1 Agosti, na aliaga dunia Ijumaa tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Mke wake alikuwa kando yake. Mjane alirudi nyumbani, akafagia karakana, kisha akafagia tena.

Siku ya Jumamosi familia ilikaa kupanga mazishi. Kaka mkubwa alisema pipa lifunguliwe, mjane akakataa. Mazungumzo hayo yanawekwa hapa kwa ombi la mjane, ili ninyi mliotoka mbali mjue.

"Shemeji, watu wamekuja na nauli zao. Tutawapa upepo?"

"Tutawapa chai, kaka."

"Watatusema."

"Waseme. Yeye alisema kwanza."

Kaka mkubwa alikwenda hadi kwenye pipa, akaligonga kwa kidole. Lilijibu kwa sauti ya kitu kilichojaa. Akasema, bila kumwelekea mtu yeyote, "Ule mwaka wa baba, gunia la mbegu nililitoa mimi. Mama aliniambia nilitoe, nikalitoa." Baadaye alitoka nje kupanga viti.

Hivyo basi, chai mliyokunywa leo ndiyo yote iliyopikwa. Familia inaomba radhi kwa wenye njaa.

Marehemu ameacha mjane, kaka yake mkubwa, mabinti wawili, mtoto wa kiume mmoja, wajukuu sita, na mama mkwe wake, mwenye umri wa miaka tisini na moja, ambaye ameomba iandikwe kwamba ule uvundo alishausamehe. Mjukuu mkubwa yuko darasa la saba na atafanya mtihani mwezi ujao. Karakana itafunguliwa Jumatatu chini ya binti mkubwa. Chupa ya chumvi iko kwake.

Pipa la nyumbani litafunguliwa mwezi Januari, kama alivyoagiza. Mpaka siku hiyo hakuna atakayejua kama mshumaa ulizimika vizuri. Naye apumzike kwa amani, pasiwe na wa kumfungua kabla ya wakati.